Siku kumi za kutafuta msimamizi: Tanga, Mlimani, Unguja, Morogoro, Dodoma, Tengeru

Nimerudi wiki tatu sasa na daftari langu la safari limeshaanza kuachia gundi. Naandika haya kutokana na madokezo yale, picha za simu na tiketi nilizozibana kwa klipu kabla hazijafutika wino.

Kisa chenyewe: mimi ni mwalimu wa Baiolojia, sekondari, hapa Tanga. Nataka kusoma uzamili. Kila fomu niliyogusa iliniuliza swali lilelile, msimamizi wako ni nani? Nikakaa jioni tatu nikisoma kurasa za vyuo. Kila mhadhiri ameandikiwa maeneo yake ya utafiti: mazingira, mabadiliko ya tabianchi, maendeleo endelevu. Mwingine: maendeleo endelevu, mazingira, mabadiliko ya tabianchi. Jioni ya tatu nilikuwa na majina arobaini na wote nawaona mapacha. Nikaandika barua pepe kumi na tisa, nikajibiwa sita. Likizo ya Juni ilipofunguka nikafunga begi.

Siku ya 1, Jumapili. Tanga – Dar

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, nauli 20,000. Muheza wachuuzi walikimbia ubavuni mwa basi na mabeseni ya machungwa. Nilipata sita ya kumenywa kwa 1,000, nikayagawana na jirani yangu, mzee mmoja mstaafu mwenye kofia ya kiua.

"Unakwenda Dar kuona mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Nakwenda kuwaona wahadhiri wa vyuo vikuu."

Akafikiri kidogo. "Wanaumwa nini?"

Kutoka Segera hadi Kibaha nililala. Kibaha foleni ikaniamsha, na saa nane na nusu tukaingia stendi ya Magufuli, Mbezi. Gesti Sinza, 30,000, feni inazunguka inapotaka yenyewe.

*Kwa atakayefuata:* barua pepe zangu sita zilizojibiwa zote zilikuwa fupi, aya moja, na zilitaja kitu kimoja mahususi alichokifanya mhadhiri. Zile kumi na tatu zilizokaliwa kimya ndizo nilizoanza na "Mimi ni mwalimu mwenye ari kubwa ya kujiendeleza". Jifunze kwangu. Cheo nacho kiangalie: mhadhiri msaidizi mara nyingi mwenyewe bado anasoma uzamivu, hawezi kukusimamia.

Siku ya 2, Jumatatu. Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Leo ukipanda kile kilima unapita ndaki baada ya ndaki, yaani vitivo vikubwa vya chuo, na mlinzi wa getini ndiye ramani yako. Niliyemkuta mimi alisoma jina kwenye simu yangu, akasema, "Huyo wa kamusi? Gari lake limeshapita. Panda, kunja kushoto, uliza tena." Hakukosea.

Mhadhiri wa kwanza alikuwa wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Najua, mwalimu wa Baiolojia anatafuta nini kwenye Kiswahili? Shemeji yangu aliwahi kufundishwa naye, akaniambia nisipite bila kumsalimu. Kwenye karatasi eneo lake la utafiti ni "leksikografia", kazi ya kutunga kamusi. Mezani kwake ni visanduku vya kadi. Taasisi yake ina ukoo mrefu: Kamati ya Lugha ya 1930, kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1964, kisha TATAKI mwaka 2009, na katikati hapo, 1981, ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kadi za huyu mzee ni za maneno ya bahari tu. Kila kadi ina kidahizo juu, yaani neno linaloelezwa, chini yake sentensi aliyoisikia kwa mvuvi, mahali na saa. Saa anaiandika kwa sababu wavuvi, alisema, hawazungumzi hivyo hivyo wakitoka na wakirudi. Wakitoka wanataja upepo. Wakirudi wanataja bei.

"Wewe wa Tanga," akaniambia, "bamvua ni nini?"

Nikajibu kama mwanafunzi anayejua: maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inajaa sana na kupwa sana. Kinyume chake maji mafu.

"Vizuri. Na wewe mwenyewe, neno hili unalitumia?"

"Nikiulizwa tu, Prof," nilisema, akacheka. Nikadhani nimefaulu mtihani. Subirini Jumatano.

Mchana, wali maharage na mchicha kantini, 2,500, nikiwa nimebanwa katikati ya vijana wanaobishana mpira. Kisha akiolojia. Mama huyu alinipokea akiwa amesimama, kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa na maboksi ya vigae vya vyungu. Alinieleza habari za Laetoli, kule Ngorongoro kwenye nyayo za kale za jamii ya binadamu, kwa namna ambayo sijawahi kuifundisha darasani. Nyayo za kwanza, zile za kikosi cha Mary Leakey, zilionekana miaka ya sabini. Mwaka 2015 watu wa Mlimani, wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao, walikuwa wanachimba mashimo ya majaribio kuona kama ujenzi wa makumbusho ungeharibu kitu. Mita 150 hivi kutoka zile za zamani wakakuta nyayo nyingine, za viumbe wawili waliopita juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita.

"Kwa hiyo walikuwa hawazitafuti?"

"Walikuwa wanatafuta pasipo na kitu, wapajenge," alisema. "Kazi yetu nusu yake ni hiyo."

Nilimuuliza kama angeweza kumsimamia mtu wa Baiolojia. Akaniuliza kama napenda mifupa. Nikasema naipenda kiasi. "Kiasi haitoshi," akasema, bila ukali, akanipa chungwa. Nilikuwa nimetoka Muheza na machungwa, sasa nayarudia Mlimani.

Siku ya 3, Jumanne. Kiti cha plastiki

Chuo kingine cha jijini, jina nalihifadhi. Miadi saa tatu. Saa tano nikaona kikaratasi mlangoni kimegeuzwa: "Nipo uwandani hadi tarehe 20." Simu haipatikani. Nilikaa mpaka saa saba kwa ukaidi tu. Mama wa usafi alipita mara ya tatu, akaenda akarudi na kiti cha plastiki na kikombe cha chai ya tangawizi. "Huyu bwana wa ndege," alisema. "Mvua zikikata tu, humwoni. Ungekuja Aprili, yupo kila siku." Kwenye orodha ya chuo huyo bwana ameandikwa "bioanuwai". Nani angejua kuwa maana yake ni ndege, na kwamba ndege ndio wanaompangia mwaka?

Nikanunua viatu vya mpira Kariakoo, 12,000, kwa ajili ya kesho. Nilitaka kuingia shamba la mwani.

*Kwa atakayefuata:* kabla ya kumwandikia mhadhiri mkuu, mpigie katibu muhtasi wa idara. Yeye anajua nani yupo, nani yuko uwandani, na wiki gani ni ya mitihani. Wiki ya mitihani usiende kabisa, hata ukialikwa.

Siku ya 4, Jumatano. Unguja

Boti ya asubuhi. Nauli ya Mtanzania si sawa na ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa, si picha yake. Juni kusi limekolea. Tulipotoka tu kwenye mlango wa bandari, boti ikaanza kupanda na kushuka, na mifuko myeusi ikagawiwa. Dada mmoja wa Kizanzibari aliyeketi mbele yangu alinigeuzia uso, akaniambia niangalie mbali, nisiangalie miguu, akanipa kipande cha limau ninyonye. Sikujua jina lake.

Taasisi ya Sayansi za Bahari ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini iko Unguja, sasa hivi Buyu. Mhadhiri wangu wa mwani alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa nyuma kama mtu aliye tayari kufanya kazi. Aliangalia mfuko wangu wa viatu vya mpira.

"Unakwenda wapi na hivyo?"

"Shambani, Dokta. Jambiani."

"Leo mwezi uko vipi?"

Nikanyamaza. Mwezi ulikuwa nusu.

"Maji mafu," akasema. "Wiki hii hakuna shamba, kuna bahari tu. Hayapwi kiasi cha mtu kusimama akafanya kazi. Na wewe unatoka Tanga!"

Juzi yake tu nilikuwa nimelieleza neno hilo kwa Prof na mifano nikatoa. Kulijua neno nililijua, ila haikunijia kwamba kuna watu wanaoishi ndani yake.

Basi tukakaa kivulini. Alinitolea kamba, vigingi, na mwani mkavu kwenye gunia. Kilimo cha kuuza kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na walimaji wengi ni wanawake. Kuna mwani mnene, wenye bei nzuri, na mwani mwembamba, wa bei ndogo. Mnene hautaki maji ya moto. Bahari ikipata joto kwenye maji ya kina kifupi, ncha zinakuwa nyeupe kama chumvi, kisha unakatika na kuchukuliwa na mkondo. Ndani ya mwani kuna karajinani, ile inayofanya dawa ya meno isimwagike kama maji. Wanaolima wengi wao hawaijui, na yeye mwenyewe, alisema, aliwahi kufundisha miaka miwili kabla ya kukeshwa na mlimaji mmoja usiku mzima akimweleza ni lini hasa ncha zinaanza kugeuka. Baada ya usiku ule akatupa nusu ya maswali ya dodoso lake.

Kisha akaniuliza: "Kwenu Tanga wanalima mwani. Ushaingia shambani?"

Nimefundisha mwani kwa miaka sita, nimeuchora ubaoni kwa chaki ya kijani. Sijawahi kuingia shambani.

Alinipigia simu kwa bibi mmoja wa Jambiani, jioni nikafika kwa daladala, watu na magunia na kuku mmoja. Bibi alikuwa uani na wajukuu wakifunga mbegu kwenye kamba, kazi ya maji mafu. Aliniketisha, akanipa kamba, hakuuliza digrii. Fundo lake ni la mkono mmoja: kikamba kinazunguka shina mara moja, kinaingia chini ya kidole gumba, kinavutwa. Kazi ya sekunde mbili. Mimi nilivunja mashina manne, nikaonywa la tano. "Usiubane, mwanangu. Ukiubana haukui, ukiulegeza unakwenda na maji." Wali wa nazi na mchuzi wa pweza, nikalala kwenye kitanda cha kamba na kanga zake mbili. Asubuhi alikataa pesa. Nikamwachia sukari kilo mbili na majani ya chai.

Siku ya 5, Alhamisi. Unguja – Dar – Morogoro

Kurudi bahari ilikuwa tulivu zaidi, au mimi nilikuwa nimezoea. Jioni treni ya umeme hadi Morogoro, 13,000 daraja la kawaida, saa moja na nusu hivi. Kata tiketi mapema kwenye mtandao, na fika kabla ya muda. Wakifunga milango wamefunga.

Siku ya 6, Ijumaa. Panya wawili wa SUA

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kipo chini ya milima ya Uluguru, na asubuhi mlima unakuwa na wingu kama kilemba. Kilianza kuitwa hivyo 1984, mwaka aliokufa Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali mkoani humo humo. Bodaboda aliyenipeleka, kijana wa miaka ishirini hivi, alinishusha getini akakataa nauli. "Unakwenda kwa panya? Mama yangu, TB yake iligunduliwa na panya wale. Nenda tu, dada."

Panya buku wa shirika la APOPO wamefunzwa hapa SUA tangu mwaka 2000. Wanafanya kazi alfajiri, jua halijawa kali. Niliingia saa moja kasoro. Chumba kidogo, kizimba cha vioo, sakafuni matundu kumi, chini ya kila tundu sampuli ya makohozi iliyochemshwa kuua vijidudu. Panya anapita pua chini, tundu la kwanza, la pili, la tatu hana habari. La nne anasimama, pua ndani, sekunde tatu, anakwangua kwa kucha. Kikasikika kitu kama klik, na panya huyo mbio hadi kona, ambapo mfunzi alimpa uji wa ndizi na karanga kupitia bomba la sindano. Sampuli mia anazimaliza kwa dakika ishirini. Fundi wa maabara mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Anachokishuku kinarudi maabara kuthibitishwa. Wenzao wananusa mabomu ya ardhini, na uzito wao hautoshi kuyalipua. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alinusa Kambodia zaidi ya mabomu na mabaki mia moja, akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022.

Nikatoka nikiwa mpenzi wa panya. Mita chache tu mbele nikakutana na mhadhiri niliyekuwa na miadi naye, ambaye kazi yake ni kuwapunguza. Si buku, ni panya wa mashambani, wale wanaofukua mahindi siku tatu baada ya kupandwa. Anawatega, anawatia alama, anawaachia, anawatega tena. Wanalipuka kwa idadi kufuatana na mvua: vuli ikiwahi na kunyesha vizuri, jike anaanza kuzaa mapema, na mkulima wa msimu unaofuata ndiye anayelipa. Nilimuuliza hawagombani na jirani zake wanaowalisha panya ndizi? "Tunakunywa nao chai," alisema. "Wao wanafuga pua. Mimi nahesabu matumbo."

Saa tisa, udongo. Huyu alinipeleka nyuma ya shamba la chuo kwenye shimo lenye kina cha kifua changu, akateremka, akanipa mkono. Alichukua tonge, akalitemea mate, akalisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada mpaka likawa utepe. Utepe ukakatika. "Tifutifu. Ungerefuka, mfinyanzi. Usingetoka kabisa, kichanga." Kisha akatoa kitabu cha rangi cha Munsell, kurasa zenye vipande vya rangi na tundu chini ya kila kipande, akaweka udongo nyuma ya tundu, akageuza ukurasa mmoja, wa pili, akanionyesha palipofanana. Pale nilipoona "wekundu" yeye aliona namba tatu. Nilijaribu mate mimi, utepe wangu ukatoka mchafu tu. Akaniambia mwanafunzi wake mmoja ilimchukua muhula mzima.

*Kwa atakayefuata:* ukialikwa kuona shimo, vaa nguo ya kufuliwa. Na kwa panya, uliza mapema siku za wageni. Usifike saa nne ukitarajia kuwaona kazini, wamelala.

Chakula cha usiku chips mayai kwa 3,000, na treni tena hadi Dodoma.

Siku ya 7, Jumamosi. Dodoma

Baridi kavu, midomo inapasuka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007 na kimetawanyika hivi kwamba kutoka ndaki moja hadi nyingine unapanda gari. Bodaboda watatu walinipeleka sehemu tatu tofauti, kila mmoja kwa 2,000, kabla sijafika kwa mhadhiri wa maji ya ardhini. Hili ni kosa langu: nilitaja chuo, sikutaja ndaki.

Alikuwa ofisini Jumamosi kwa sababu ya grafu moja. Ni ya visima vya Makutupora, vinavyonywesha mji. Kina cha maji ya chini kimepimwa pale kwa zaidi ya miaka hamsini. Mstari unashuka, unashuka, unashuka, ghafla unaruka juu, kisha unaanza kushuka tena. Miruko ni michache. Mmoja ni wa El Niño ya 1997/98.

"Watu wanadhani kila mvua za msimu zinaingia chini," alisema. "Nyingi zinaishia kwenye mimea na jua. Maji haya yananenepa miaka michache tu ya mvua kubwa mno, halafu tunakula akiba."

Nikamwambia habari ya bamvua na ya yule bwana wa ndege. Akavua miwani. "Bamvua ni kila wiki mbili. Mimi nimefundisha miaka kumi na minne na huo mruko wa kweli sijaushuhudia hata mara moja. Wengine walioanza grafu hii wamestaafu." Aliniambia kwa ukweli kuwa mada yake haifai uzamili wa miezi kumi na minane, isipokuwa niridhike kusoma namba za watu wengine. Nilithamini hilo kuliko wote walioniambia "karibu sana".

Siku ya 8, Jumapili. Dodoma – Arusha

Basi lililotakiwa kuondoka saa kumi na mbili liliondoka saa mbili na nusu. Dereva alikuwa anasubiri mzigo ambao hatukuuona. Baada ya Kondoa gurudumu likapasuka. Saa moja na dakika arobaini kando ya barabara. Mama muuza mahindi ya kuchoma alitutembelea, akauza yote, akarudi na maji ya kunywa bila kudai, akakaa nasi kivulini mpaka tulipoondoka. Kolo, yenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, niliiona kwa kibao tu. Minjingu jua linazama: fosfati ya mbolea ya kile kilima ilitokana na mavi ya ndege wa ziwa la kale, nilikuwa nimeambiwa na yule wa udongo. Nilimwonyesha jirani yangu. Hakupendezwa. Arusha saa tatu usiku, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Siku ya 9, Jumatatu. Tengeru

Daladala hadi Tengeru, kisha bodaboda hadi Taasisi ya Nelson Mandela. Kumbuka, hapa hawana shahada ya kwanza, ni uzamili na uzamivu tu. Hata kelele za bwenini huzisikii.

Mhadhiri wangu alikuwa wa maji ya kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza habari ya Askwar Hilonga, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Uingereza kwa Afrika mwaka 2015 akiwa hapa, kwa kichujio chake cha maji. Sikuwahi kuuliza. Alicheka kwanza, nikaona meno yake, ya kahawia, yenye michirizi.

"Hii ndiyo mada yangu," alisema akiyagusa kwa kidole. "Nimezaliwa Meru."

Maji ya chemchemi za huku yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo huku vinavyozidi hapo mara kadhaa. Jino linaharibika likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, miaka minane ya mwanzo ya mtoto. Baada ya hapo ukimpa maji safi unamsaidia mifupa, lakini meno yamekwisha kuandikwa. Kwenye kona ya maabara kulikuwa na ndoo za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, punje nyeusi kama pilipili manga. Maji yanapita, floraidi inanaswa. Anasema tatizo lake sasa si kemia. Ni lini mama abadilishe mkaa, maana maji yaliyochujwa na yasiyochujwa yana ladha moja na rangi moja.

Nilikunywa mtori sokoni Tengeru, 2,000, nikasahau kutoa picha.

Siku ya 10, Jumanne. Arusha – Tanga

Moshi, Same, Mombo, Korogwe. Hakuna la kusimulia ila tangawizi za Same na kijana aliyeniwekea begi miguuni kwake njia nzima kwa kuwa mimi nilikuwa nimekumbatia daftari. Segera simu ikalia. Ujumbe wa Dokta wa Buyu:

"Bamvua linaingia Alhamisi. Yatapwa saa nne asubuhi. Nenda shamba lililo karibu nawe, hesabu kamba, uone ncha ngapi ni nyeupe. Niandikie."

Alhamisi saa tatu na nusu nilikuwa upande wa Mkinga, viatu vya Kariakoo vikilowa kwa mara ya kwanza, nikimfuata mama mmoja ambaye shemeji yangu alimpata kwa simu mbili. Maji yalikuwa ya magotini, kisha ya kifundo cha mguu. Nilihesabu kamba ishirini na mbili kabla hayajaanza kurudi. Saba zilikuwa na ncha nyeupe. Nikapiga picha, nikaandika vizuri, namba ya kamba, urefu, hata aina ya fundo, nikatuma nikiwa bado nimesimama majini.

Jibu lilirudi kabla sijafika ufukweni: "Vizuri. Joto la maji lilikuwa ngapi?"

Sikuwa nimebeba kipimajoto.